Mwalimu Rachael Kalondu, Aliyetufundisha Kumngoja Aliyeanguka

Leo, Ijumaa tarehe 24 Oktoba, shule ikifungwa kwa likizo ndefu, Mwalimu Rachael Kalondu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika Shule ya Jamii ya Bwawani, Silanga. Asubuhi amekuwa mwalimu wa Darasa la Pili, ambalo siku hizi ni Gredi ya Pili. Jioni amekuwa kocha wa watoto wasiozidi miaka kumi, wavulana na wasichana pamoja. Wazazi wengi walioketi hapa walipita mikononi mwake, na ukiwaomba wakunje suruali watakuonyesha makovu ya magoti waliyoyapata kwenye uwanja wetu.

Mwalimu mkuu aliniomba mimi, Lavender Osewe, niandike wasifu huu kwa kuwa nilisoma hapa, na tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikimsaidia Mwalimu Kalondu darasani na uwanjani. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba atakayeusoma mbele ya watu awe mtu mwingine. Mwalimu alicheka aliposikia. Anakumbuka kwamba nilipokuwa Darasa la Pili alisikia sauti yangu wakati wa kuita majina tu, na hata hapo ilibidi asogee karibu.

Alizaliwa Kitui, akasomea ualimu, kisha akaja Nairobi kwa kaka yake aliyekuwa seremala Kawangware. Bwawani ya wakati huo ilikuwa vyumba viwili vya mabati na choo kimoja. Kazi ya michezo hakuiomba. Siku walimu walipogawana majukumu, yeye peke yake ndiye aliyekuwa amevaa raba, kwa sababu viatu vyake vya kazi vilikuwa kwa fundi, na hilo likatosha. Mpira hakuujua hata kidogo. Alifundishwa sheria na watoto wenyewe, nao wakamfundisha zile za mtaani. Katika mechi yake ya kwanza dhidi ya shule nyingine aliingia uwanjani akamdai refa penalti kwa sababu timu yake ilikuwa imepata kona tatu. Refa alimwuliza sheria hiyo imetoka wapi. Akamjibu kwamba imetoka Silanga.

Uwanja wetu mnaujua. Unaanzia nyuma ya jikoni na kuteremka kuelekea bwawa, kwa hiyo timu moja hucheza ikipanda na nyingine ikishuka, na mpira ukipotea hutafutwa kwenye mashamba ya sukuma wiki. Kwa miaka mingi mipira yenyewe ilikuwa ya juala, mifuko ya plastiki, zilizofungwa kwa kamba. Juala zilipopigwa marufuku, Mwalimu alikaa na watoto Jumamosi nzima wakijifunza kushona mpira wa matambara, na mpaka leo Gredi ya Nne huurithisha ufundi huo kwa Gredi ya Tatu.

Mtoto wa Bwawani hujua tangu akiwa mdogo kwamba pasi hupigwa juu kidogo ya pale unapotaka ifike, kisha mteremko unaileta. Mwaka ambao timu ilicheza kwa mara ya kwanza kwenye uwanja tambarare kule Kawangware, watoto walilenga juu kidogo kama nyumbani, na kila pasi ikaenda nje upande uleule. Walifungwa mabao mengi sana. Njiani wakirudi, mmoja wao alisema kwa huzuni kwamba uwanja wa Kawangware umeharibika, hauna mteremko. Mwalimu bado husimulia kisa hicho akifuta machozi ya kicheko.

Alikuwa wa kwanza hapa kuwaingiza wasichana katika timu moja na wavulana. Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba binti yake atavunjika mguu. Mwalimu alimkaribisha abaki atazame mazoezi, na jioni hiyo yule binti akamvunja mtu mwingine, si mguu ila moyo, kwa kumpiga chenga mara mbili mbele ya baba yake. Baba hakulalamika tena. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyetuletea nguzo za magoli.

Hayo ni mambo ya kuchekesha. Sasa niandike lile ambalo kila ninapolifikiria hunifanya ninyamaze kuliko kawaida yangu.

Wageni ambao hawajawahi kuona mazoezi ya Bwawani wanapaswa kuelezwa kuhusu matanga. Mtoto akianguka uwanjani na asiamke mara moja, yeyote aliye karibu huita, "Matanga." Mpira husimama. Watoto wote huketi chini pale walipo, hata kipa, hata Mwalimu. Hakuna anayemvuta mkono aliyeanguka. Hakuna anayemwambia asilie. Hakuna anayecheka, na akitokea wa kucheka, wenzake humtazama mpaka kicheko kikauke. Kama mtoto ameumia kweli, Mwalimu humwendea na sanduku la dawa, humwosha kidonda, kisha naye huketi. Wote wanangoja. Mtoto akimaliza kulia husimama mwenyewe, na akisimama wote husimama. Halafu mpira huletwa miguuni pake, maana sheria ya mwisho ni kwamba aliyeanguka ndiye anayeanzisha.

Wengi hudhani Mwalimu ndiye aliyebuni jambo hili. Yeye hukataa. Anasema lilianza na Lazarus.

Lazarus mnamjua kwa karakana yake ya kuchomelea milango pale mtaa wa Lindi. Alikuwa Darasa la Pili mama yake alipofariki. Alirudi shuleni baada ya mazishi, akaingia uwanjani, akasukumwa kidogo tu, akaanguka. Kilio alicholia hakikuwa cha goti. Mwalimu alikimbia akamshika kwapani amwinue, naye akajilegeza akawa mzito kama gunia la mahindi. Akamwinua tena, akateleza tena. Ndipo watoto waliposogea. Walikuwa wameona kwao Lindi jinsi majirani walivyokuja nyumbani kwa kina Lazarus wakaketi, wengine bila kusema neno, wakashinda hapo. Wakaketi kumzunguka. Mwalimu akabaki amesimama peke yake, mtu mzima katikati ya watoto walioketi, akaona afadhali naye aketi. Lazarus alilia mpaka kilio kikaisha chenyewe. Kisha akajipangusa pua, akauliza mpira uko wapi.

Mwalimu husema siku hiyo alielewa kwamba kilio kina mwisho wake, na mtoto akiachiwa afike mwisho huo akiwa na watu, atasimama kwa miguu yake. Ukimwinua kabla, miguu inabaki ikingoja mikono ya mtu.

Jina la matanga lilikuja baadaye, kwa watoto wenyewe. Mzazi mmoja alisema ni uchuro, na Mwalimu akajaribu kulibadilisha liwe "mapumziko." Watoto walikubali mbele yake, wakaendelea kuita matanga.

Mimi nilianguka nikiwa Darasa la Tatu, na sikuwa nimeumia. Niliona haya tu, kwa kuwa nilianguka mbele ya goli tupu na kila mtu alikuwa akinitazama. Nilikaa pale nimejifunika uso kwa sweta, nikitaka waondoke ili niamke bila kuonekana. Hawakuondoka. Akina mama wa mboga walianza kufunga vibanda, na kila nilipochungulia kwenye tundu la sweta niliona magoti ya wenzangu, yote bado yapo. Mwishowe niliamka kwa sababu nilielewa kwamba hakuna atakayeenda nyumbani kunywa chai mimi nikiwa chini. Mpira ukaletwa miguuni pangu. Niliupiga vibaya sana. Hakuna aliyelitaja jambo hilo tena, mpaka leo nilipolitaja mwenyewe.

Tangu siku hizo nimewaona watoto wa uwanja ule wakifeli mitihani, wakikuta vyombo vyao vimetolewa nje ya nyumba, wakihama Silanga kwenda Lindi na kurudi Silanga. Nimewaona wakikaa chini kwa muda, kisha wakaamka. Sisemi mpira huponya kila kitu. Nasema wanaijua njia ya kuamka kwa sababu wameipita mara nyingi wakiwa wadogo, wakati ambapo kuanguka kuliuma goti tu.

Kitu kimoja Mwalimu Kalondu hakukipata. Kila mwaka shule ndogo hukutana Kawangware, kwenye uwanja ulio nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi pale kituo cha matatu cha 56, kushindania Kombe la Wadogo. Bwawani haijawahi kulileta nyumbani. Msidhani Mwalimu hakulitaka. Alilitaka sana. Juu ya kabati la ofisi, kati ya maboksi ya chaki na redio iliyokufa, kuna nafasi ambayo huipangusa vumbi kila mwaka kabla ya mashindano, na baada ya mashindano huirudishia chaki.

Watoto wa mwaka huu waliijua nafasi hiyo, na walijua kwamba kwake hakutakuwa na mwaka mwingine. Nahodha wao ni Mitchelle wa Gredi ya Nne, binti wa Mama Filister anayeuza makaa pale chini karibu na bwawa. Mitchelle aliwakusanya wenzake nyuma ya jikoni wakakubaliana kwamba leo, siku ya kumuaga, Ticha atapewa kombe. Aliomba leso ya mama yake ya kulifunikia ili lisionekane mpaka wakati ufike. Leso ikafuliwa, ikakunjwa, ikaletwa kwangu niiweke, kabla hata ya mechi ya kwanza kuchezwa.

"Na msiposhinda?" nilimwuliza.

"Tutashinda," alisema. "Leso ishafuliwa."

Na kweli walifika fainali. Walipangiwa wenyeji, timu ya Kocha Ojwang, watoto wenye viatu na wenye sauti. Kabla ya mechi Mwalimu alichuchumaa ili awatazame machoni, akawaambia alichowaambia watoto wote waliotangulia.

"Hapa si nyumbani. Hapa hakuna matanga. Mnacheza mpaka nini?"

"Mpaka filimbi."

"Na mtu akianguka?"

"Tunacheza mpaka filimbi, Ticha."

Lakini nyumbani hakuna filimbi. Mwalimu huanzisha na kusimamisha mchezo kwa makofi. Filimbi kwao ni neno walilolikariri, na matanga ni kitu ambacho miguu yao imekifanya tangu ijue kukimbia.

Matokeo yalikuwa bao moja kwa moja, mechi ikielekea kuisha. Golini kwetu alikuwa Ouma, mtoto wa Lazarus. Mitchelle aliupata mpira katikati, akampita mmoja, akampita wa pili, akabaki na kipa wa Kawangware, mvulana mdogo aliyevaa glavu za mtu mzima. Kipa alitoka mbio kumzuia, akakanyaga kamba ya kiatu chake mwenyewe, akaangukia kiwiko. Akaanza kulia. Goli likabaki wazi. Mama Filister, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, tayari alikuwa ameinuka na mikono hewani.

Mitchelle aliukanyaga mpira ukasimama. Akamtazama yule kipa. Kisha akaketi.

Hakuna aliyeita matanga. Hakukuwa na haja. Nyuma yake wenzake waliketi mmoja baada ya mwingine, kurudi nyuma mpaka kwa Ouma kule golini, ambaye kwa umbali ule hakuweza kujua ni nani aliyeanguka. Aliona tu wenzake wakiketi, naye akaketi.

"We Mitchelle, piga huo mpira," Mama Filister alipaza sauti. "Simama. Huyo si wetu!"

Mitchelle aligeuka, akaweka kidole kwenye midomo yake kumwonyesha mama anyamaze.

Watoto wa Kawangware walisimama wakishangaa. Lakini filimbi haikuwa imelia, na wao walikuwa wamefundishwa vizuri. Mmoja wao aliuchukua mpira kando ya Mitchelle, akakimbia nao kati ya watoto walioketi kama mtu anayepita sokoni kati ya mafungu ya nyanya, akamfikia Ouma, akampita, akafunga.

Bao lilihesabiwa. Refa hakukosea, sheria ndivyo ilivyo. Mpira ulipoanzishwa tena hakukuwa na muda wa kufanya lolote, na filimbi ya mwisho ikalia.

Wazazi waliingia uwanjani, Mama Filister akiwa mbele. "Madam, hawa watoto umewafundisha nini? Kombe lilikuwa hapa, hapa mkononi, na tumelipeana. Ati matanga. Sasa haya ndiyo matanga yenyewe."

Mwalimu alikuwa amevaa kitenge kipya alichoshonesha kwa ajili ya kupigwa picha na kombe. Nilimwona akiitazama meza iliyokuwa na kombe, kisha akawatazama watoto waliosimama huku na kule wakilia, kila mmoja peke yake. Halafu akaketi kwenye vumbi na kitenge chake.

Nilidhani ameketi kwa ajili yao. Sote tulidhani hivyo. Watoto walikuja wakaketi kumzunguka. Lazarus akaja, pamoja na ukubwa wake wote, akaketi. Wazazi wengine wakafuata. Kocha Ojwang alikuwa anakuja kumpa Mwalimu mkono. Alisimama mkono ukiwa umenyooshwa, akaurudisha polepole, akaketi, na watoto wake wakaketi nyuma yake bila kuambiwa na mtu, ingawa kombe lao lilikuwa linawangoja mezani. Kipa wa glavu kubwa alikwenda kuketi karibu na Mitchelle. Saluni moja ng'ambo ya ukuta iliendelea kupiga muziki, kwa kuwa huko hakuna aliyejua. Mama Filister aliketi wa mwisho kabisa, akinung'unika, lakini aliketi.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Uwanja mzima, walioshinda na walioshindwa, wamekaa chini pamoja mchana kweupe, na hakuna anayemhimiza mwenzake.

Vilio vilipungua kidogo kidogo. Mitchelle alisimama wa kwanza, akapangusa kaptura yake, nasi tukaanza kuinuka. Akatutazama, akamtazama Mwalimu, akaketi tena.

"Bado," aliwaambia wenzake kwa sauti ya chini. "Si sisi. Ni Ticha."

Ndipo nilipoona kwamba Mwalimu Kalondu alikuwa analia. Alilia bila sauti, kichwa kimeinama, machozi yakidondokea kitenge. Watoto wa miaka tisa walikuwa wamekiona tangu mwanzo kile ambacho watu wazima tulikuwa hatujakiona, kwamba aliyeanguka pale alikuwa yeye. Hawakuja kuliwazwa. Walikuja kuketi naye. Miaka yote hii Mwalimu ameketi kwa ajili ya mtoto wa kila mtu, na nadhani hiyo ndiyo siku ya kwanza watu kuketi kwa ajili yake.

Tukaketi tena. Tukangoja. Alipomaliza, alijifuta uso kwa ncha ya kitenge, akaweka kiganja chini, akasimama. Hakuna aliyemshika mkono, ingawa nilimwona Lazarus akikunja ngumi ili mkono wake usinyooke. Uwanja wote ukasimama.

Ouma alikwenda kuuleta mpira kama sheria inavyotaka, akauweka miguuni pa Mwalimu. Lakini ulikuwa mpira wa wenyeji, na refa alikuwa akikusanya vifaa. Mwalimu aliuokota, akampa, akamshukuru.

Kocha Ojwang alikuwa bado yuko pale. "Madam, mimi sikuwaambia wafunge," alisema.

"Najua, Kocha. Walicheza mpaka filimbi. Hata wangu niliwaambia hivyo hivyo."

"Sasa mbona wako wakakaa?"

"Nafikiri waliona mtoto ameanguka," alisema Mwalimu.

Nyuma yao Mitchelle na Ouma walikuwa na shauri lao.

"Ticha hajaanzisha," alisema Mitchelle.

"Si refa amechukua boli."

"Lakini hajaanzisha. Hiyo bado haijaisha."

"Ataanzisha Monday."

"Hiyo Monday iko na boli yetu tu, haiko na watu wote. Na akienda ushago Kitui je?"

Mitchelle alimwendea Mwalimu akamvuta kitenge. "Ticha, kesho kuna mazoezi?"

"Kesho ni Jumapili, Mitchelle."

"Keshokutwa basi."

Jumatatu hiyo walikuja wote. Mwalimu alikuwa amekwisha kuirudisha chaki kwenye ile nafasi ya kabati, nao walimwona akifanya hivyo. Walicheza mpira wao wa kupanda na kushuka. Mtoto mmoja wa Gredi ya Tatu alianguka karibu na jikoni, wakaketi kama kawaida. Sijui nilitarajia nini. Labda nilitarajia waanze kusitasita, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa limewanyima kitu walichokitaka kuliko vyote. Waliketi haraka kuliko zamani.

Jioni hiyo Mama Filister alipitia shuleni, mikono ikiwa bado na weusi wa makaa. Nilimletea leso yake iliyokunjwa. Hakuipokea. "Ikae," alisema. "Mitchelle anasema bado iko na kazi." Kisha akaenda pembeni ya uwanja akasimama na Mwalimu mpaka mazoezi yakaisha. Walichozungumza sikukisikia, lakini niliwaona wakicheka, na walipoagana kitenge cha Mwalimu kilikuwa na alama ya kiganja cha makaa begani.

Mazoezi hayatakoma. Lazarus amekubali kuyasimamia kila jioni akifunga karakana, na Ouma ameshamwonya kwamba uwanjani asimwite mtoto wake.

Mwalimu Kalondu anarudi Kitui, kwenye shamba la ndengu na mizinga ya nyuki aliyoachiwa na baba yake. Kwa niaba ya walimu, wazazi na watoto wa Bwawani, tunakushukuru, Mwalimu. Tunakushukuru kwa raba ulizozivaa siku ile. Tunakushukuru kwa kuidai penalti ya kona tatu mbele ya watu wazima. Mimi nakushukuru kwa kutonivua sweta usoni. Mvua ikufikie kwa wakati, nyuki wakuzoee, magoti yako yapumzike baada ya kuketi chini mara zote hizo, na kila utakapoamka asubuhi ukute siku nzuri inakungoja.

Wageni wetu, wasifu huu ukishasomwa hakutakuwa na hotuba mara moja. Watoto wataketi chini. Tunawaomba wenye magoti mazuri mshuke vitini mketi nao. Msimwambie Mwalimu pole. Msimwambie asilie. Kuiacha kazi uliyoipenda nako ni kuanguka, na sisi hatuna haraka. Akisimama, tutasimama.

Mwalimu, kilichofunikwa kwa leso kando ya kiti chako si kombe. Kombe liko Kawangware, na walilishinda kwa haki. Ni mpira wa matambara, umeshonwa na Gredi ya Nne. Siku ile ulianguka, ukasimama, na mpaka sasa hujaanzisha.